Mgonjwa wa Kisukari na Saumu ya Ramadhani

Katika Sura ya Pili ya Qurani Tukufu Mwenyezi Mungu anawafaradhia waaminio saumu ya Ramadhani, na katika aya inayofuata papo hapo anamtoa mgonjwa na msafiri katika faradhi hiyo, akiwaamuru watimize hesabu katika siku nyingine (Aya 184 na 185, sisi twahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, kwa hiyo katika misahafu mingine ni 183 na 184). Kisha katika aya ya 186 anairudia ruhusa hiyo mara ya pili, tena anaitaja na sababu yake, ya kwamba Yeye anawatakia waja wake wepesi wala hawatakii uzito. Hukumu za saumu ya Ramadhani zimo ndani ya aya chache sana, na katika aya hizo chache mgonjwa ametajwa mara mbili. Mwenye kutafakari hataacha kujiuliza kwa nini Mwenye hekima alilirudia jambo hili, hali maneno Yake hayana hata herufi moja ya bure.

Dada mmoja aliyejiunga na Islam hivi karibuni ameleta swali ambalo ndilo lililosababisha makala haya. Yeye ana kisukari, na kila siku hujichoma sindano za insulini. Daktari wake amemkataza kufunga. Lakini majirani zake, Waislamu kwa Wakristo, wanamcheka: hawa wanasema ya kwamba silimu yake ni ya nusu, na wale wanasema ameingia dini ambayo mwili wake hauiwezi. Ramadhani iliyopita aliamua kufunga kwa siri bila kumwambia daktari, akaacha na sindano zake pia, kwa kudhani ya kwamba asiyekula haihitaji dawa. Siku ya tatu alichukuliwa hospitali akiwa anatapika na kuhema. Sasa anauliza: "Je, mimi ni Mwislamu kamili au sivyo?"

Swali hili ni zito, na jibu lake lina pande mbili, upande wa sheria na upande wa mwili. Tutaanza na sheria.

Katika mwaka wa nane wa Hijra, Mtume Mtukufu s.a.w. alitoka Madina kuelekea Makka, na ilikuwa Ramadhani. Walipofika mahali paitwapo Kuraul Ghamim aliambiwa ya kwamba saumu imewawia watu nzito, nao wanamtazama yeye atafanyaje. Basi baada ya alasiri akaagiza chombo cha maji, akakiinua juu ili watu wote wamwone, kisha akanywa. Hakunywa kwa kujificha hemani. Baadaye akaletewa habari ya kwamba baadhi ya watu wangali wanafunga. Imepokewa katika Sahihi Muslim ya kwamba aliwaita watu hao waasi, na akalirudia neno hilo mara mbili. Angalieni vizuri, ndugu wasomaji! Watu wale hawakulala wakaacha Sala, wala hawakula haramu. Walivumilia njaa na kiu kwa ajili ya Mungu, na juu ya hayo wakaitwa waasi, kwa sababu walijichagulia ibada yao wenyewe mahali ambapo Mungu amekwisha kuchagua.

Liko na tukio jingine, lililopokewa na Abu Daud, ambalo lafaa lisomwe katika kila nyumba yenye mgonjwa. Watu walikuwa safarini, na mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani likampasua. Usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu ya kwamba hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume s.a.w. alikasirika sana, akasema ya kwamba wale ndio waliomwua, na kwamba dawa ya mtu asiyejua ni kuuliza. Majirani wa dada yetu wanaomcheka asipofunga na waikumbuke habari hii kabla hawajafungua vinywa vyao.

Naye Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, aliifufua Sunna hii katika zama zetu, na akaadhibiwa na watu kwa ajili yake. Mwezi wa Novemba 1905, akiwa njiani kurudi kutoka Delhi, alisimama Amritsar kutoa hotuba. Ilikuwa Ramadhani naye ni msafiri. Alipokuwa akihutubia, mmoja wa wafuasi wake alimletea kikombe cha chai, naye akanywa kidogo. Mara ukumbi ukachafuka! Makelele yakapanda, matusi yakatolewa, na alipoondoka gari lake likarushiwa mawe. Wale waliorusha mawe walikuwa na Qurani majumbani mwao, na aya ya msafiri na mgonjwa imo ndani yake. Aliyeifuata aya hiyo ndiye aliyepigwa. Yeye a.s. alifundisha waziwazi ya kwamba mtu afungaye Ramadhani hali ni mgonjwa au msafiri anaivunja amri iliyo wazi ya Mwenyezi Mungu, kwa kuwa wokovu hupatikana kwa fadhili za Mungu na utii, wala mtu hawezi kuununua kwa nguvu za matendo yake.

Basi kwa upande wa sheria jambo limekwisha. Lakini mtu aweza kusema: kisukari ni ugonjwa gani? Mgonjwa huyu anatembea, anapika, anakwenda sokoni, hana homa wala kidonda. Je, huyu naye ni mgonjwa anayetajwa na Qurani? Hapa ndipo elimu ya mwili inapotusaidia, na sisi Waahmadiyya hatuiogopi elimu hiyo. Khalifa wetu wa kwanza, Maulvi Nuruddin r.a., alikuwa tabibu wa Maharaja wa Jammu na Kashmir kabla hajahamia Kadiani.

Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliutambua ugonjwa huu kwa kuona siafu na sisimizi wakiufuata mkojo wa mgonjwa, wakaupa jina lenye maana ya mkojo wa asali. Dalili waliijua, lakini chanzo kilibaki kufichika kwa karne nyingi. Mwaka 1869 kijana wa Kijerumani, Paul Langerhans, akiichunguza kongosho kwa hadubini, aliona ndani yake vishungu vya chembe vilivyotawanyika kama visiwa baharini, wala hakujua kazi yake. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari. Ndipo ilipojulikana ya kwamba kiungo hiki kidogo kilicho nyuma ya tumbo hutoa kitu kinachoitawala sukari ya mwili mzima. Mwaka 1905 mtaalamu wa Kiingereza, Ernest Starling, alivipa vitu vya namna hii jina la homoni, kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha. Ni wajumbe wanaotoka katika tezi, wakapita ndani ya damu, wakapeleka amri katika viungo vya mbali.

Mjumbe wa kongosho huitwa insulini. Mtu mwenye afya anapokula daku, sukari ya chakula huingia katika damu, na insulini huongezeka ili kuifungulia milango ya misuli na mafuta, na kuliamuru ini liweke akiba. Mchana, chakula kinapokwisha tumboni, insulini hupungua, na mjumbe mwingine wa kongosho hiyohiyo, aitwaye glukagoni, huliamuru ini lifungue ghala lake na kuitoa sukari kidogo kidogo. Ini la mtu mzima huweka kadiri ya gramu 100 za sukari ya akiba. Akiba ikipungua, mwili huanza kuyatumia mafuta yake. Hivyo mfungaji mwenye afya huifikia magharibi na njaa yake na kiu yake, lakini ubongo wake haukukosa riziki hata saa moja. Mungu aliyeamuru saumu ndiye aliyeliweka ghala hilo ndani ya ini, na wajumbe wawili wa kulifunga na kulifungua.

Sasa mtazame mwenye kisukari. Katika aina ya kwanza ya ugonjwa huu, chembe zinazotengeneza insulini zimeharibiwa, na mjumbe wa kufunga ghala hayupo. Mtu huyu hata asipokula, ini lake huendelea kumimina sukari katika damu, kwa kuwa hakuna wa kulizuia, na mafuta yake huyeyuka bila kiasi mpaka damu inakuwa na ukali wa asidi. Ndiyo maana dada yetu, aliyeacha chakula na sindano kwa pamoja, alifika hospitali akitapika na kuhema. Kudhani ya kwamba asiyekula haihitaji insulini ni kosa ambalo limewaua wengi. Mwili huihitaji insulini usiku na mchana, ale mtu au asile.

Katika aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, insulini ipo lakini haitoshi, au mwili hauitii. Wagonjwa wengi wa aina hii hutumia vidonge. Vidonge vya metformini peke yake mara chache huishusha sukari kupita kiasi. Lakini viko vidonge vingine, kama glibenklamidi, ambavyo huikamua kongosho itoe insulini, chakula kiwepo au kisiwepo. Mtu akimeza kidonge hicho wakati wa daku kisha akakaa mpaka magharibi, dawa inaendelea kuisukuma sukari chini, na hakuna kinachoingia cha kuipandisha. Hali hii huanza kwa jasho na kutetemeka, moyo kwenda mbio, kisha mtu huanza kusema maneno yasiyoeleweka, na asipopewa kitu kitamu huanguka akazimia. Akiwa ni dereva au yuko juu ya ngazi, msiba hautakuwa wake peke yake. Isitoshe, sukari nyingi katika damu huvuta maji kuyatoa mwilini kwa njia ya mkojo, na asiyekunywa maji kutwa nzima katika joto la pwani huzidi kukauka. Kwa mwenye maradhi ya moyo au ya figo pamoja na kisukari, jambo hilo ni hatari juu ya hatari.

Wala haya si maneno ya kutisha tu. Mwaka 2001 ulifanywa uchunguzi mkubwa katika nchi 13 juu ya Waislamu 12,243 wenye kisukari, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2004. Ilionekana ya kwamba katika Ramadhani, kushuka kwa sukari kwa namna ya kumpeleka mtu hospitali kuliongezeka mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Ilionekana pia ya kwamba wenye aina ya kwanza waliofunga walau siku 15 walikuwa 43 katika kila mia, na wenye aina ya pili 79 katika kila mia. Hao wote walikuwa na aya ya mgonjwa mbele yao!

Hapa sina budi kuwaonya ndugu zangu wahubiri. Siku hizi wako Waislamu wanaosimama hadharani na kudai ya kwamba sayansi imethibitisha kuwa saumu inaponya kisukari. Huenda wanasema hivyo kwa nia njema, ili kuwavutia wasio Waislamu. Lakini Islam haihitaji kusaidiwa kwa maneno yaliyotiwa chumvi. Ni kweli ya kwamba kupunguza chakula kunaweza kuwafaa sana wengi wa wenye aina ya pili. Uingereza lilifanywa jaribio lililoitwa DiRECT, ambamo watu 149 walipewa chakula kidogo mno, chini ya kalori 900 kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, 68 kati yao walikuwa hawana tena sukari ya kiwango cha ugonjwa, hali hawatumii dawa yoyote. Habari hizo ni njema. Lakini watu hao walisimamishiwa dawa zao za sukari siku ya kwanza, wakaangaliwa na wauguzi, na walikuwa wakinywa maji muda wote. Hiyo si saumu ya Ramadhani. Na mfungaji ambaye magharibi hukaa mbele ya sinia la kaimati, sambusa, tambi na uji wa sukari, akala mpaka hawezi kuinuka kwenda Tarawehe, anafuata njia iliyo kinyume kabisa na ya watu wale. Mtume s.a.w. alituagiza theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa kinywaji na theluthi kwa pumzi, wala hakuisimamisha hesabu hiyo wakati wa kufuturu. Tena Qurani yenyewe, ilipotaja lengo la saumu, imetaja ucha Mungu, haikutaja kupungua uzito.

Kabla ya insulini kugunduliwa, njaa ndiyo iliyokuwa dawa ya pekee ya watoto wenye kisukari. Daktari Frederick Allen wa Marekani aliwapunguzia chakula mpaka wakawa mifupa na ngozi, wakaishi miezi kadhaa zaidi, kisha wakafa. Mmoja wa watoto waliokuwa wakilishwa hivyo alikuwa Leonard Thompson wa Toronto, mwenye umri wa miaka 14. Tarehe 11 Januari 1922 alichomwa sindano ya majimaji ya kongosho yaliyotayarishwa na Frederick Banting na Charles Best, wala haikumfaa. Tarehe 23 ya mwezi huo akachomwa nyingine, iliyosafishwa na James Collip, na sukari yake ikashuka. Aliishi miaka mingine 13. Wagunduzi hao waliiuza hati ya haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja. Mtume s.a.w. alikwisha tufundisha ya kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake. Basi mwenye kuiacha insulini ili afunge ameirudisha neema ya Mola wake mlangoni.

Je, kila mwenye kisukari hafungi? Hapana. Yuko mgonjwa wa aina ya pili ambaye sukari yake imetulia kwa chakula tu au kwa metformini, hana maradhi ya moyo wala ya figo, na daktari wake anamwona anaweza. Huyu si haki kumkataza. Aende kwa daktari wiki sita au nane kabla ya mwezi mtukufu, sio usiku wa kuonekana mwezi, ili wapange nyakati za dawa. Na akifunga, apime sukari yake mchana. Wengine huogopa ya kwamba tone la damu la kidoleni litavunja saumu, hali imepokewa katika Bukhari ya kwamba Mtume s.a.w. aliumikwa naye amefunga. Kipimo kikionyesha chini ya 3.9 (kwa vipimo vingine 70), au juu ya 16.6 (yaani 300), afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi adhana iadhiniwe. Siku hiyo atailipa akiweza.

Lakini dada yetu, mwenye kutegemea insulini na aliyekwisha fikishwa hospitali mara moja, yeye asifunge. Na kwa wanaomwambia ya kwamba imani yake ni ya nusu, tunayo habari ambayo labda wageni katika Jumuiya hawajaisikia. Katika Sahihi Muslim imetajwa ya kwamba Masihi atateremka akiwa amevaa mashuka mawili ya manjano. Katika elimu ya tafsiri ya ndoto nguo ya manjano ni maradhi, na Seyidna Ahmad a.s. ameeleza ya kwamba mashuka hayo ni magonjwa mawili yaliyofuatana naye miaka mingi: kizunguzungu katika sehemu ya juu ya mwili, na katika sehemu ya chini kukojoa mara nyingi kwa sababu ya kisukari. Imamu aliyeahidiwa na Mtume s.a.w., aliyeandika vitabu zaidi ya themanini, alikuwa mgonjwa wa ugonjwa huuhuu. Rafiki mmoja alimshauri atumie afyuni, iliyokuwa dawa mashuhuri ya kisukari siku zile, naye akakataa, asije mtu akadhihaki ya kwamba Masihi wa kwanza alikuwa mnywa mvinyo na wa pili ni mla afyuni.

Na saumu je? Katika ujana wake, kwa ishara ya Mungu, alifunga miezi minane au tisa mfululizo, akapunguza chakula mpaka kikawa vipande vichache vya mkate kwa siku nzima, na baadaye akawaonya watu wasijaribu jambo hilo kwa matakwa yao wenyewe. Mtu mwenye nguvu kama hiyo ya kuvumilia njaa alifanya nini maradhi yalipomshika? Katika masimulizi yaliyokusanywa na mwanawe, Mirza Bashir Ahmad r.a., mkewe mtukufu anasimulia ya kwamba maradhi yalipomzidia aliacha kufunga, akatoa fidia, na hali kadhalika katika miaka miwili mitatu ya mwisho wa maisha yake.

Kuhusu fidia hiyo, dada yetu na ajue yafuatayo. Kwa kuwa ugonjwa wake hautazamiwi kuondoka, yeye hadaiwi siku nyingine. Atamlisha maskini mmoja kwa kila siku ya Ramadhani, kwa chakula cha kadiri anachokula yeye nyumbani kwake. Akipenda atakipika mwenyewe na kumpelekea jirani mhitaji, hata akiwa ni mmoja wa wale waliomcheka. Akipenda atatoa fedha kwa katibu wa mali wa tawi lake kabla mwezi haujaanza. Asiye na uwezo wa kutoa hadaiwi kitu kilicho nje ya uwezo wake. Seyidna Ahmad a.s. amesema ya kwamba alipofikiri kwa nini fidia imewekwa, alifahamishwa ya kwamba ni kwa ajili ya kupata tawfiki, kwani Mungu peke yake ndiye awezaye kumpa nguvu hata aliye dhaifu. Basi anapoitoa aombe dua hiyo. Kisha aamke daku pamoja na jamaa zake, asali Tahajudi, asome juzuu yake, na asubuhi ajichome sindano yake na anywe chai yake bila kujificha jikoni.